Rangi za Juu si Kazi ya Juu Juu

Mzazi mmoja alinijia shuleni kwa uchungu. Binti yake alikuwa amechagua masomo ya sanaa, na jioni iliyotangulia alikuwa amepeleka nyumbani kikombe alichokifinyanga na kukipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Mzazi alikiweka kikombe kile juu ya meza yangu akasema, "Mwalimu, sikumleta mwanangu hapa ajifunze kupamba vikombe. Nimemleta atumie akili." Nilimkaribisha kiti, tukazungumza kwa adabu, naye akaenda zake bila ya kuridhika. Nakiri kuwa siku ile sikumjibu vema. Jibu lililostahili ni refu, nami naliandika hapa kwa ajili yako, msomaji kijana, kwa sababu yamkini maneno kama yale umekwisha kuambiwa na wewe, au, vibaya zaidi, umeanza kujiambia mwenyewe.

Wajua kwamba siku hizi mwanafunzi wa sekondari ya juu hutakiwa achague mojawapo ya njia tatu: njia ya sayansi na ufundi wa kisasa, njia ya elimu ya jamii, na njia ya sanaa na michezo. Njia hizo ziliwekwa ziwe sawasawa, kama milango mitatu ya nyumba moja. Walakini watu wengi wameugeuza mlango wa tatu kuwa mlango wa uani, ambao kwao hutolewa wale walioshindwa kupita mbele. Wakiulizwa sababu, hutoa hoja tatu. Husema kwamba kazi ya kupamba haihitaji akili, bali mkono tu. Husema kwamba urembo hauna faida, kwa kuwa chombo kitupu hufanya kazi sawa na chombo kilichopambwa. Tena husema kwamba urembo haudumu. Leo upo, kesho umefutika.

Mimi nashikilia kwamba hoja hizo zimesimama juu ya ujinga wa kazi zinazolaumiwa. Na ili nisije nikaambiwa kuwa nimejichagulia kesi nyepesi, nitaitetea kazi ile inayoonekana kuwa na hatia kuliko zote: kazi ya kuvipamba vyombo vya udongo na kauri kwa rangi zinazowekwa juu ya mng'aro. Chombo kimekwisha kufinyangwa, kimekwisha kuchomwa, kimekwisha kung'aa. Kinashika maji, kinapokea chakula, hakina upungufu wowote. Ndipo mtu aje na kalamu yake ya manyoya, achore ua au ndege juu yake. Ikiwa uko urembo mtupu duniani, basi ni huu. Nikiweza kuutetea huu, ule mwingine utajitetea wenyewe.

Kwanza sharti tuijue kazi yenyewe, kwa maana asiyekijua kitu hafai kukihukumu. Kauri ni chombo cha udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na unga wa jiwe, ukachomwa katika moto wa karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi hata ukashikamana na kuwa mgumu. Juu ya mwili huo huvikwa utando mwembamba wa kioo, nao ndio unaokipa chombo mng'aro na ulaini wake. Mchoraji aweza kuchora chini ya utando huo kabla ya kuchoma. Lakini moto ule mkali hauna huruma, na rangi nyingi hufa ndani yake. Kobalti, izaayo buluu, ni mojawapo ya chache zinazoustahimili. Ndiyo sababu vyombo vingi vya zamani vya China ni vya buluu na nyeupe tu.

Mtu atakaye nyekundu angavu, manjano, kijani cha jani bichi au waridi hana budi kungoja. Hukichoma chombo kwanza hata kikamilike na kupoa. Halafu huchora juu ya kioo kilichokwisha kuganda, akakirudisha chombo motoni mara ya pili, katika tanuri dogo lenye joto la nyuzi kati ya 700 na 850 hivi. Rangi hizo za mara ya pili huitwa enameli, nazo si rangi kama ile ya kupaka ukutani. Enameli ni kioo. Mchanga mweupe huyeyushwa pamoja na risasi, ambayo huurahisishia kuyeyuka, na madini yenye kutia rangi. Kioo kinachopatikana hupozwa, husagwa hata kiwe unga laini, kisha hukorogwa kwa mafuta, gundi au maji na kupakwa kwa kalamu ya manyoya. Motoni unga ule huyeyuka tena na kushikamana na utando wa chini, kioo juu ya kioo.

Sasa na tuitazame hoja ya kwanza, kwamba kazi hii haihitaji akili. Chukua shaba peke yake. Ukiitia katika kioo chenye risasi nyingi, utapata kijani. Shaba ile ile ukiitia katika kioo chenye magadi, utapata rangi ya feruzi. Ukiichoma katika tanuri lililonyimwa hewa, yaweza kutoka nyekundu. Madini ni moja, na tabia zake ni tatu. Mchoraji asiyezijua tabia hizo atachora jani akapata damu. Ongeza ya kuwa rangi nyingi kabla ya moto hazifanani na zitakavyokuwa baada ya moto. Anayechora haoni waridi wala kijani mbele yake. Aonacho ni vumbi lililofifia, na picha yenyewe anayo kichwani. Huchora kwa kumbukumbu ya kitu ambacho bado hakijatokea.

Shida haziishii hapo. Enameli ikichelewa kuyeyuka hubaki imeparara. Ikiwahi kuyeyuka hutiririka na kuivuruga picha. Kila kitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Basi enameli isiponywea kwa kipimo kimoja na utando ulio chini yake, chombo kikipoa hupasuka vipandevipande na kubanduka. Tena rangi zote hazitaki moto mmoja. Yale yanayotaka moto mwingi huchomwa kwanza, yanayotaka moto mdogo hufuata, na dhahabu aghalabu huja mwisho. Kila mara chombo kinaporudi tanurini, kazi yote ya siku zilizopita huwekwa rehani. Nakuuliza, msomaji: mtu aliyeyapima hayo yote na kuyashinda, je, alitumia mkono tu?

Wako walioyashinda zamani sana. Katika mji wa Kashan, nchini Uajemi, mafundi walichora watu, farasi na maandishi kwa rangi za juu ya mng'aro katika karne ya 12 na ya 13. Bakuli moja la namna hiyo, lililotiwa sahihi na fundi Abu Zayd, lina tarehe ya mwaka 582 wa Hijria, yaani 1186. Mwaka 1301 mtu wa mji huo huo, Abu'l-Qasim, aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi wa vyombo, aliandika maelezo ya udongo, mawe, madini na matanuri ya kazi yao. Zingatia jambo hilo. Ukoo wa wafinyanzi ulimtoa mwandishi, na mwandishi hakuona haya kuandika habari za ufinyanzi. Kwao kalamu ya kuandikia na kalamu ya kupambia zilikaa katika nyumba moja.

Huko Japani, katika mji wa Arita ulio kwenye kisiwa cha Kyushu, masimulizi ya ukoo wa Sakaida yanaeleza habari za mtu aliyeitwa Kakiemon. Katika miaka ya 1640 aliazimia kuzipata rangi za juu ambazo hapo kabla zilijulikana na Wachina. Njia ilifikishwa kwake na mfanyabiashara aliyekuwa amejifunza kwa Mchina katika bandari ya Nagasaki. Kuambiwa njia lakini si kufika. Alijaribu akashindwa, akajaribu tena, hata akapata. Nyekundu yake ya joto juu ya kauri nyeupe ilipendwa mno. Jina lake limerithiwa tangu hapo na kiongozi wa karakana katika kila kizazi, na mwaka 2014 alitawazwa Kakiemon wa 15. Huenda ukasema ni bahati ya ukoo. Mimi nasema bahati hairithiwi mara kumi na tano. Kinachorithiwa hivyo ni elimu.

Merikebu za Waholanzi zilivichukua vyombo vya Arita mpaka Ulaya, na Wazungu wakashikwa na tamaa ya kujua siri yake. Augustus, mtawala wa Saxony, alikuwa amemweka kizuizini kijana aliyeitwa Johann Friedrich Böttger, kwa kuwa kijana huyo alijigamba kwamba aweza kugeuza madini duni yawe dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Lakini Böttger alipoelekezwa kwenye udongo, akisaidiana na mwanachuoni Tschirnhaus, alifanikiwa mwaka 1708 kuutengeneza mwili wa kauri nyeupe, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa katika ngome ya Meissen. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kuwa na kauri ni jambo moja, na kuwa na rangi zake ni jambo jingine. Böttger alikufa mwaka 1719 na rangi za kiwanda chake zilikuwa bado dhaifu. Mwaka 1720 aliingia Meissen mchoraji Johann Gregorius Höroldt, naye alifanya kazi zaidi ya miaka kumi kabla ya kufikia rangi 16 nzuri za enameli. Wanaosema kuwa urembo ni jambo jepesi linalomalizia jambo zito na walitafakari hili: mwili wa kauri ulipatikana kwanza, na rangi zikadai jasho la miaka mingine.

Nakuletea ushahidi mmoja zaidi, nao ni wa rangi ya waridi. Katika karne ya 17 Wazungu waligundua kwamba dhahabu ikiyeyushwa kwa tindikali kali, kisha ikatiwa maji ya bati, hutoa vumbi la zambarau ambalo likitiwa katika kioo hukifanya kiwe chekundu au waridi. Likaitwa kwa jina la Andreas Cassius. Rangi hiyo ilianza kuonekana katika vyombo vya China kwenye miaka ya 1720, ikavipa maua ya peoni mashavu ambayo hayakuwa nayo kabla. Yule Böttger alifungwa kwa ajili ya kutaka kugeuza madini yawe dhahabu. Wachoraji wa vikombe walifanya kinyume chake, wakaigeuza dhahabu iwe ua. Lakini hakuna aliyejua kwa yakini ni kwa nini dhahabu ya manjano huzaa waridi. Swali hilo lilidumu zaidi ya miaka mia mbili. Mmoja wa waliolifumbua ni Richard Zsigmondy, mkemia aliyejishughulisha na rangi za kioo na kauri. Alionyesha kwamba ndani ya zambarau ya Cassius mna chembe za dhahabu ndogo mno zilizotawanyika, zisizoonekana kwa hadubini ya kawaida. Na kwa uchunguzi wake wa mambo ya namna hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Basi mpamba vikombe ndiye aliyeuliza, na mwanasayansi ndiye aliyejibu. Anayewatenga wawili hao kwa ukuta, mmoja akimwita mwenye akili na mwingine mwenye mkono, hajui kwamba walikuwa wakizungumza.

Naja katika hoja ya pili, kwamba urembo hauna faida. Husemwa kuwa uji haupati utamu kwa maua yaliyo nje ya bakuli. Ni kweli. Lakini nani alikwambia kwamba binadamu huishi kwa uji peke yake? Hapa petu Kenya, wafinyanzi wengi, kabla ya kukipeleka chungu motoni, hukichora mistari shingoni. Mistari ile haipiki maharagwe. Hata hivyo mama yule mfinyanzi, mwenye kazi nyingi na siku fupi, hutenga nafasi ya kuichora. Je, ni mjinga? Nenda pwani, ufike Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukalitazame kaburi la kale lenye nguzo iliyopambwa kwa mabakuli ya kauri ya China. Tazama nyumba za kale za Lamu, uone zidaka zilizojengwa kwa safu ukutani, ambamo vyombo vya kauri viliwekwa vitazamwe. Vingi vya vyombo vilivyofika pwani hapo kale vilikuwa vya buluu na nyeupe, au vya kijani cha utando wenyewe, wala si vya enameli; lakini hoja yangu haibadiliki. Bakuli lililopachikwa katika nguzo halipakuliwi uji. Waliolipachika walikuwa wafanyabiashara, mabaharia na watu wa dini, watu waliojua hesabu ya mali yao. Nao waliona kuwa uzuri ni haki ya marehemu wao na heshima ya nyumba zao.

Na ikiwa yuko asiyesikia neno jingine isipokuwa la fedha, nami ninalo lake. Wakati wa utawala wa Chenghua, kati ya mwaka 1465 na 1487, mafundi wa kifalme wa China walitengeneza vikombe vidogo, upana wake kama sentimita 8 tu. Walichora mipaka ya picha kwa buluu chini ya utando, kisha wakaijaza kwa rangi za enameli juu yake. Wala hawakuchora majoka wala wafalme. Walichora jogoo, kuku na vifaranga vyao, vitu unavyoviona kila asubuhi uani kwenu. Kikombe kimoja cha namna hiyo kiliuzwa katika mnada wa Hong Kong mwezi wa Aprili mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 281 za Hong Kong, yaani zaidi ya dola milioni 36 za Marekani. Chai itakayotiwa humo haitakuwa tamu kuliko ya kikombe cha bati. Sisemi kwamba bei ndiyo kipimo cha uzuri. Kuna vitu vizuri visivyouzika na vitu vibovu vya ghali. Nasema tu kwamba yule anayedai kuwa urembo hauna thamani sokoni ameusahau usemi wa wazee wake, kwamba kizuri chajiuza.

Hoja ya tatu ni kwamba rangi hizi hazidumu. Hapa sitabisha kwa ukaidi, kwa sababu hoja hii ina ukweli ndani yake, na mbishi asiyekubali ukweli wa mwenzake ni mpiga kelele tu. Rangi iliyo chini ya utando imefunikwa na kioo. Iliyo juu iko uchi. Kwa kuwa enameli huyeyuka kwa moto mdogo, ni laini kuliko utando ulio chini yake. Kusuguliwa kila siku huila, na vitu vichachu kama siki na ndimu huishambulia. Liko jambo zito zaidi. Risasi, ambayo kwa karne nyingi imesaidia enameli kuyeyuka, ni sumu. Na chombo kilichopambwa vibaya, au kuchomwa pasipotosha, chaweza kuiachia risasi hiyo ndani ya chakula. Mafundi waliosaga na kupaka rangi hizo bila ya kinga walijiweka katika hatari. Sikufichi mambo hayo, kwa kuwa utetezi unaojengwa juu ya kuficha huanguka siku siri inapofichuka.

Walakini tazama hoja hii inaelekea wapi. Je, inathibitisha kwamba kazi haitaki akili? La, inathibitisha kinyume chake. Mjinga ndiye atakayepaka risasi mdomoni mwa kikombe. Mjuzi atachagua enameli isiyo na risasi, ataweka picha upande wa nje mbali na chakula, atachoma kwa kipimo, na chombo cha kale kilichopambwa atakitazama bila ya kukilia. Kadhalika kuchakaa si hoja ya kuacha. Kanzu huchakaa, paa huchakaa, hata kitabu hiki ulichoshika kitachakaa. Hatuachi kushona, kujenga wala kuandika. Lile bakuli la Abu Zayd la mwaka 1186 bado lipo, na rangi zake zaonekana. Limeshinda dola ngapi zilizojiita za milele? Kinachotunzwa hudumu, na kinachodharauliwa hupotea hata kama ni cha chuma.

Iko lawama moja ambayo wapinzani wangu hawakuitaja, nami nitaitaja kwa niaba yao, kwa sababu ndiyo iliyo kali kuliko zao zote. Mji wa Jingdezhen, nchini China, ndio uliosifika kuliko miji yote kwa kauri. Mwaka 1712 kasisi Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliandika barua ndefu kueleza aliyoyaona na kuyasikia huko. Alieleza kwamba kazi ya kuchora iligawanywa baina ya watu wengi: mmoja kazi yake ilikuwa kuzungusha mstari wa rangi chini ya ukingo wa chombo tu, mwingine alichora mipaka ya maua, wa tatu aliyatia rangi, huyu alichora maji na milima, yule ndege na wanyama. Ilisemekana kuwa chombo kimoja hupita katika mikono ya watu 70. Hata vipofu na vilema walijipatia riziki kwa kusaga rangi. Wachoraji wenyewe, kwa maelezo yake, walikuwa maskini.

Mtu aliyezungusha mstari mmoja tangu ujana hata uzee, je, alitumia akili yake yote? Sidhani. Hapa yule mzazi aliyenijia angeweza kunishika. Lakini kosa hilo si la kalamu ya manyoya wala la enameli. Ni kosa la utaratibu uliomkata mtu vipande, ukamwachia mkono na kuchukua kichwa. Utaratibu huo waweza kumkata karani, waweza kumkata fundi wa kiwanda, waweza kumkata hata mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani asiyoyaelewa. Usidhani kuwa kalamu ya wino ni kinga. Wako wanaozungusha mstari mmoja maisha yao yote wakiwa wamevaa tai.

Katika mji huo huo wa Jingdezhen upo mfano wa dawa ya ugonjwa huo. Mwaka 1728 alitumwa huko ofisa wa jumba la kifalme aliyeitwa Tang Ying, asaidie kusimamia matanuri ya mfalme. Alikuwa msomi, mjuzi wa kuandika na kuchora, lakini habari za udongo na moto hakuzijua. Angeweza kukaa kivulini na kutoa amri, kama wengi wafanyavyo. Yeye aliandika kuwa alijifungia asiwe na matembezi, akala na kulala pamoja na mafundi kwa muda wa miaka mitatu, hata akauelewa udongo, utando, rangi na moto. Mwaka 1743, kwa amri ya mfalme Qianlong, aliandika maelezo ya picha 20 zinazoonyesha kazi ya kauri hatua kwa hatua. Vyombo vilivyotengenezwa chini ya uangalizi wake huhesabiwa kuwa miongoni mwa vilivyo bora kabisa vya China. Msomi alikaa chini ya miguu ya mafundi, na elimu yake haikupungua, iliongezeka. Ndiye ningependa yule mzazi amjue. Ndiye ningependa na wewe umjue.

Basi, msomaji, shauri langu ni hili. Sikushurutishi uchague sanaa. Ikiwa moyo wako uko katika hesabu, katika tiba au katika sheria, enenda huko kwa baraka zangu. Lakini usiichague njia yako kwa kuidharau ya mwenzako. Na wewe uliyechagua kuchora, kufinyanga au kupamba, usikubali kuitwa mkono usio na kichwa, wala usijifanye kuwa hivyo. Wako vijana wanaodhani kwamba kwa kuwa wamechagua sanaa wamesamehewa kemia. Hao huwapa wapinzani wetu silaha. Uliza rangi yako imetoka katika madini gani, kwa nini hubadilika motoni, ina sumu au haina, nani aliigundua na kwa taabu gani. Ukifanya bila ya kuuliza, watakaokudharau watakuwa na haki.

Na wewe mzazi, endapo kitabu hiki kitaingia nyumbani mwako kwa mkoba wa mwanao, kikombe chako kipo. Nilikiweka kabatini, kwa sababu ulikisahau mezani kwangu. Rangi zake si kamilifu: kijani kimetiririka upande mmoja, na jani limefanana na doa. Binti yako aliniuliza sababu, nami nikamwambia kuwa joto lilizidi kipimo cha rangi ile. Akaandika maneno hayo katika daftari, akaandika na kipimo cha moto, akasema kwamba atajaribu tena kwa moto mdogo zaidi. Ulisema kuwa ulimleta hapa atumie akili. Njoo siku yoyote ya kazi ukalisome daftari lile, kisha uniambie alikuwa akitumia nini.